Uzingativu wa Kibuddha: Dini, Tiba, au Njia ya Kuacha Tabia?

Taamuli haiko tena kwenye vitabu vya dini za Mashariki peke yake. Imeingia kwenye programu za simu, semina za wafanyakazi, kliniki za afya ya akili na video fupi zinazomwahidi mtu kwamba akikaa kimya na kuifuata pumzi yake ataacha sigara, atapata usingizi, atapunguza hasira na kuachana na kamari. Wengine wanaonya kwamba huo ni mlango wa ibada ya sanamu, na kwamba akili iliyoachwa wazi huingiwa na pepo. Wapo pia wanaosema ni mapumziko ya kawaida yaliyopewa jina la kigeni ili yauzike. Anayetafuta ukweli anaondoka na majibu matatu yasiyopatana, na kila upande una hakika na usemalo.

Mkanganyiko huu una sababu. Taamuli hii huitwa uzingativu, na jina hilo limebandikwa kwenye vitu vitatu vyenye undugu lakini visivyokusudia jambo moja. Cha kwanza ni fundisho la watawa wa India ya kale, ambao shabaha yao ilikuwa kukata kiu inayomfunga kiumbe kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Cha pili ni harakati za kuwafundisha taamuli watu wa kawaida, zilizoshika kasi Burma kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Cha tatu ni tiba ya wiki nane iliyotungwa katika hospitali ya Marekani mwaka 1979. Kila upande unachukua sifa za kimoja na kukivisha kingine. Uchambuzi huu unavitenganisha, kisha unavipima kwa swali moja ambalo wengi wanaojaribu taamuli wanalo moyoni, hata wasipolitamka: je, itanisaidia kuacha jambo ambalo najua linaniumiza?

Mlinzi wa lango

Maandiko ya Kipali, ambayo Wabuddha wa madhehebu ya Theravada wanayachukua kuwa kumbukumbu kongwe ya maneno ya Buddha, yalihifadhiwa kwa mdomo kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa huko Sri Lanka katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Ndani yake imo hotuba iitwayo Satipatthana, ya 10 katika mkusanyo wa Majjhima Nikaya, ambayo hutajwa karibu kila pale uzingativu unapojadiliwa. Inamwelekeza mtawa aangalie maeneo manne: mwili, hisia, hali ya akili, na mambo yanayoikwamisha akili au kuifungua. Anaanza na pumzi. Ikiwa ndefu ajue ni ndefu, ikiwa fupi ajue ni fupi. Kisha kutembea, kusimama, kula, kunywa, kuvaa nguo, hata kwenda haja. Hakuna tendo lililo dogo kiasi cha kuachwa lijiendee lenyewe.

Kwa suala la tabia, eneo la pili ndilo lenye uzito. Hisia inayozungumzwa pale ni ile ya mwanzo kabisa, iliyotangulia hasira na huzuni: kitu kinapogusa macho au wazo linapozuka, akili hukionja papo hapo kuwa kitamu, kichungu, au si kitamu wala kichungu. Katika mnyororo wa visababishi wenye pete 12, mguso huzaa hisia, hisia huzaa kiu, na kiu huzaa kung'ang'ania. Sehemu kubwa ya mnyororo huo mtu hana uwezo wa kuizuia. Mwenye pua atanusa. Mvutaji akipitiwa na harufu ya moshi, utamu hujitokeza bila kuomba ruhusa. Mkono unaokwenda mfukoni kutafuta pakiti huo ni mwendo mwingine, na kati ya utamu na mkono kuna muda mfupi sana ambao kwa kawaida hupita bila mwenyewe kuuona. Kazi ya uzingativu ni kuuona muda huo. Hapo ndipo fundisho zima la kuachana na mazoea linapoanzia.

Maandiko hayo yana dhana nyingine ambayo wauzaji wa utulivu wa haraka hawaitaji: mielekeo iliyolala. Tamaa au chuki haihesabiwi kuwa imekwisha kwa kuwa miezi sita imepita bila kuonekana. Imelala, na itaamka ikikutana na kinachoilisha. Yeyote aliyekaa karibu na mlevi aliyeacha pombe, kisha akairudia msibani, anajua kwamba wazo hili halihitaji falsafa ili kueleweka. Katika hotuba ya 19 ya mkusanyo uleule, Buddha anasimulia kwamba kabla ya kuamka kwake kiroho aliyagawa mawazo yake mafungu mawili, yanayodhuru na yasiyodhuru, akagundua kwamba kile mtu anachokiwaza mara kwa mara ndiko akili yake inakoinamia. Wazo lililorudiwa leo linapata njia nyepesi zaidi kesho.

Tuzingatie pia kwamba uzingativu huu unachagua. Katika maandiko unafananishwa na mlinzi wa lango la mji wa mpakani, anayewajua wenyeji na kuwaruhusu, na kuwazuia wasiojulikana. Mlinzi anayetazama tu wanaoingia na kutoka, bila kujali ni nani, hangekuwa na kazi. Ndiyo maana uzingativu sahihi ni hatua ya saba kati ya nane za njia ya Kibuddha, na mara tu kabla yake pana jitihada sahihi, yenye kazi nne: kuzuia baya lisizuke, kuliacha lililozuka, kuzusha jema ambalo halijakuwapo, na kulidumisha lililopo. Chini ya zote iko miiko mitano ya mlei: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, na kutotumia vileo vinavyoharibu umakini. Mwiko wa tano unaeleza mengi. Hao waliotunga mafunzo ya akili waliona mapema kwamba haiwezekani kuilinda akili kwa mkono mmoja na kuilewesha kwa mkono mwingine.

Njia tano za kuondoa wazo

Watu wengi wanaamini kwamba Buddha alifundisha kulitazama kila wazo kwa upole mpaka lijiondokee. Hotuba ya 20 ya Majjhima inaonyesha picha tofauti, na nadhani ndiyo hotuba ambayo mtu anayepambana na tabia angefaa kuijua kuliko zote. Inahusu mtawa aliyekaa kwenye taamuli, akavamiwa na mawazo ya tamaa, chuki au upotovu. Afanyeje? Anapewa njia tano, kwa mpangilio, na kila moja hutumika pale iliyotangulia iliposhindwa.

Kwanza, abadilishe: aelekeze akili kwenye jambo jema lililo kinyume, kama seremala anavyoking'oa kigingi kinene kwa kupigilia chembamba. Mwenye chuki afikirie ukarimu. Likishindikana hilo, ayatazame madhara ya wazo lenyewe mpaka limchukize, na hapa mfano uliotumika ni mkali: kijana aliyejipamba anayevishwa shingoni mzoga wa nyoka au mbwa. Bado wazo linarudi? Alipuuze, kama mtu anayefumba macho au kugeukia pembeni asione asichotaka kuona. Njia ya nne ni kuchunguza chanzo. Mtu anayekwenda kasi hujiuliza kwa nini anakimbia, akapunguza mwendo, hujiuliza kwa nini atembee, akasimama, hujiuliza kwa nini asimame, akaketi, mwishowe analala. Ndivyo wazo linavyoshushwa ngazi kwa ngazi kwa kuulizwa limetoka wapi. Njia ya tano ni nguvu: kuuma meno, kuubana ulimi kwenye kaakaa na kuikandamiza akili kwa akili.

Nguvu imewekwa mwisho, lakini imewekwa. Mpangilio huo una hekima inayokosekana pande zote mbili za mjadala wa leo. Wapo wanaomwambia mraibu ajikaze tu, kana kwamba kuuma meno ndiyo njia ya kwanza na ya pekee. Wapo wanaomwambia asipambane na chochote, akubali kila linalokuja. Hotuba hii inakubali kwamba tabia hazifanani: nyingine huondoka kwa kupewa mbadala, nyingine kwa kuonwa zilivyo chafu, nyingine kwa kunyimwa macho, nyingine kwa kufuatiliwa hadi kwenye chanzo, na zipo chache ambazo kwa dakika kumi za hatari hazina dawa isipokuwa meno kuumwa. Anayefunga simu yake sandukuni jioni anatumia njia ya tatu. Anayejiuliza kwa nini hubeti siku za mshahara anatumia ya nne.

Udhaifu wa fundisho la asili nao usifichwe. Liliwalenga watawa walioacha ndoa, mali na kazi, na shabaha yake ya mwisho ni kukoma kwa tamaa yote, si sigara pekee. Mama wa watoto watatu anayetaka kupunguza ukali hahitaji kufika huko, na pengine hataki. Tena fundisho linasimama juu ya imani ya kuzaliwa upya na karma, ambayo asiye Mbuddha hana sababu ya kuikubali. Swali la kiuchambuzi ni kama nyenzo zinaweza kuchukuliwa bila jengo lote, na nini hupotea njiani.

Taamuli yatoka utawani

Watetezi wa asili husahau kwamba hata ndani ya Ubuddha, taamuli ya watu wengi ni jambo jipya. Kwa karne nyingi mlei wa Asia alitoa sadaka, akashika miiko na kusikiliza mahubiri. Watawa wengi nao walikariri maandiko na kuendesha ibada. Waliokaa kwenye taamuli nzito walikuwa wachache. Mabadiliko yalitokana na siasa. Mwaka 1885 Waingereza walimng'oa Mfalme Thibaw wa Burma, na pamoja naye ikaondoka taasisi iliyoilinda dini. Mtawa Ledi Sayadaw, aliyeishi kati ya mwaka 1846 na 1923, alihofia kwamba mafundisho yangepotea, akaona kinga ni kuyaweka mikononi mwa watu wote. Alizunguka nchi, akaunda vikundi vya kujifunza, akaandika kwa lugha nyepesi, na kuwaambia wakulima na wafanyabiashara kwamba nao wanaweza kutaamali.

Baada yake akaja Mahasi Sayadaw, aliyeitwa aende mjini Rangoon mwaka 1949 kufundisha katika kituo kilichoungwa mkono na Waziri Mkuu U Nu. Njia yake ilikuwa rahisi kuelekezwa. Mtu hukaa, anafuata tumbo linavyopanda na kushuka, na kila linalotokea analitaja kimoyomoyo: kupanda, kushuka, kuwaza, maumivu, kusikia. Akitembea anataja kuinua, kusogeza, kuweka. Hakutakiwa kwanza kufikia ule utulivu mzito ambao vitabu vya kale viliusifu. Kwa upande mwingine U Ba Khin, aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma, alifundisha kuupitia mwili kwa umakini, sehemu kwa sehemu. Mwanafunzi wake S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyemwendea kwa sababu ya kipandauso, aliipeleka njia hiyo India mwaka 1969 kwa mafunzo ya siku 10 ya ukimya, na mwaka 1994 ikafundishwa kwa zaidi ya wafungwa 1,000 kwa mkupuo katika gereza la Tihar mjini Delhi.

Nguvu ya harakati hizi ni kwamba zilimwamini mtu wa kawaida. Gharama yake ni kwamba ili mhasibu na mchuuzi waweze kushiriki, mengi yalipunguzwa: elimu ndefu ya maandiko, uhusiano wa miaka mingi na mwalimu, na maisha ya pamoja yanayomrekebisha mtu kila siku. Hatua ya Marekani iliyofuata haikuanza kupunguza. Iliendeleza upunguzaji uliokwisha kuanza Asia kwenyewe. Kwa hiyo hoja kwamba Wamagharibi walikiharibu kitu kilichokuwa kizima ni nusu ya kweli.

Kutoka hekaluni hadi hospitalini

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, msomi wa baiolojia ya molekuli aliyejifunza Zen, yaani Ubuddha wa Japani, na vipassana, taamuli ya uangalifu ya aina ile ya Burma, alianzisha programu ya wiki nane katika chuo cha tiba cha Massachusetts mjini Worcester. Wagonjwa wake walikuwa na maumivu sugu ambayo madaktari walikuwa wameshindwa kuyaondoa. Aliondoa sanamu, nyimbo, karma na istilahi za Kipali, akaubakiza uangalifu wa makusudi kwa kinachotokea sasa, bila kukihukumu. Zoezi mashuhuri la kwanza ni kula zabibu kavu moja: kuishika, kuitazama mikunjo yake, kuinusa, kuiweka ulimini bila kuitafuna, kisha kuitafuna polepole. Wengi hushangaa kutambua kwamba wamekula maelfu ya zabibu bila kuonja hata moja.

Mwishoni mwa karne iliyopita wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliichanganya programu hiyo na tiba ya fikra kwa ajili ya watu wanaorudiwa na sonona. Uingereza iliipendekeza katika mwongozo wake wa tiba wa mwaka 2004 kwa waliopata sonona mara tatu au zaidi. Hapo uzingativu ulivuka daraja: ukawa matibabu yanayopimwa kama dawa.

Neno "bila kukihukumu" ndilo lililofungua milango yote, na ndilo lenye utata mkubwa. Kwa mgonjwa wa sonona lina maana nzito, kwa sababu kinachomzamisha ni kujihukumu kwenyewe. Anawaza jambo baya, anajilaumu kwa kuliwaza, na lawama inazaa wazo jingine baya zaidi. Akijifunza kuliona wazo kuwa ni wazo tu, mnyororo unakatika. Lakini kwa mtu anayempiga mkewe, au anayemaliza ada za watoto kwenye mikeka ya kubeti, tatizo halikuwa kujihukumu kupita kiasi. Akifundishwa kutazama tu, mlinzi wa lango ameambiwa asiulize majina.

Utafiti unathibitisha nini

Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yaliyohusisha watu 3,515. Programu za taamuli zilikuwa na ushahidi wa wastani wa kupunguza wasiwasi, sonona na maumivu. Kwa usingizi, uzito wa mwili, mazoea ya kula na matumizi ya vileo na dawa, ushahidi ulikuwa hafifu au haukuonyesha tofauti. Wala haukupatikana ushahidi kwamba taamuli inazidi mazoezi ya mwili, dawa au tiba nyingine za kitabia. Matokeo hayo yanastahili kusomwa mara mbili, kwa kuwa matangazo mengi yanaahidi hasa yale ambayo ushahidi wake ni hafifu.

Kwenye sonona, jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2015 katika The Lancet liliwafuatilia wagonjwa 424 kwa miaka miwili. Waliofundishwa uzingativu huku wakisaidiwa kupunguza dawa walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 44. Walioendelea na dawa, asilimia 47. Hakukuwa na mshindi. Kwa mtu asiyeweza kuvumilia madhara ya dawa, hata hivyo, kuwa na njia ya pili yenye matokeo yanayokaribiana ni habari njema. Haimaanishi aache dawa mwenyewe; waliopunguza walipunguza chini ya uangalizi wa daktari.

Kwenye tabia hasa, jaribio la sigara lililofanywa Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa mwaka 2011 ndilo linalovutia. Wavutaji 88 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata mafunzo ya kawaida ya kuacha sigara, jingine mafunzo ya uzingativu mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Katika mafunzo ya namna hii mvutaji halazimishwi kuukataa uchu. Anaelekezwa auangalie unavyojidhihirisha mwilini: kifua kinabana wapi, koo linakauka vipi, mikono inatafuta nini, unapanda mpaka wapi na unaanza kushuka lini. Baada ya wiki 17, asilimia 31 ya kundi la uzingativu walikuwa hawavuti, dhidi ya asilimia 6 ya kundi jingine. Mtu atakayesoma maelezo hayo kando ya Satipatthana ataona wazi kwamba watafiti walirudi kwenye nafasi ileile kati ya hisia na kiu.

Lakini mbinu hiyo ilipowekwa kwenye programu ya simu na kujaribiwa upya kwa watu wengi zaidi, idadi ya walioacha haikutofautiana na ya kundi la kulinganishia. Kilichobadilika ni kwamba uchu ulipungua nguvu ya kumsukuma mtu kwenye sigara. Kwa vileo na dawa za kulevya, jaribio la watu 286 lililochapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba katika kipindi cha kwanza mafunzo ya kawaida ya kuzuia kurudia uraibu yalifanya vizuri sawa na yale ya uzingativu, na kwa baadhi ya vipimo yaliyazidi. Baada ya mwaka mzima, waliofundishwa uzingativu ndio waliokuwa na siku chache zaidi za kutumia. Halafu kuna shule. Uingereza ililifanyia jaribio kubwa somo la uzingativu katika shule zaidi ya 80, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000, na matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha kwamba liliwasaidia kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani.

Ukiyatandaza matokeo haya pamoja, yanaelekea upande mmoja. Uzingativu unafanya kazi pale mtu anapokuwa na tatizo lake mwenyewe analotaka kuliacha, anapofundishwa kuuelekeza kwenye uchu wenyewe, na anapokutana na watu ana kwa ana. Unafifia unapogawiwa kwa kila mtu kama dozi ya jumla, au unapoachwa mikononi mwa mtu peke yake na simu yake, chombo ambacho mara nyingi ndicho tabia yenyewe.

Wanaokosoa, na uzito wa hoja zao

Wapo wakosoaji wa ndani ya Ubuddha. Bhikkhu Bodhi, mtawa Mmarekani aliyetafsiri mikusanyo mikubwa ya Kipali kwa Kiingereza, ametetea kwa muda mrefu kwamba uzingativu sahihi hautengani na mtazamo sahihi na jitihada sahihi. Hoja yake inaungwa mkono na maandiko, na kama tulivyoona, kwa kiasi fulani na utafiti wa tabia.

Ron Purser, profesa wa menejimenti wa San Francisco, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2019 akidai kwamba uzingativu wa makampuni unamtwisha mfanyakazi mzigo wa msongo uliosababishwa na mwajiri. Kampuni inapunguza watu, inawaongezea kazi waliobaki, kisha inawaletea mkufunzi wa pumzi. Hoja hii ni nzito, na mfanyakazi yeyote aliyewahi kupewa semina badala ya malipo ya saa za ziada ataielewa. Udhaifu wake ni kwamba mtu anayeteseka usiku wa leo hawezi kungoja mfumo ubadilike kwanza.

Dai kwamba kurudisha maadili ya Kibuddha kungetatua kila kitu nalo lipimwe kwa historia. Katika kitabu chake cha mwaka 1997, Brian Victoria, ambaye mwenyewe ni padri wa Zen, alionyesha jinsi viongozi wa Zen nchini Japani walivyobariki vita vya kibeberu vya nchi yao. Myanmar, ile Burma ilikoanzia taamuli ya umma, imekuwa na watawa waliohubiri chuki dhidi ya Waislamu, na mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh. Kuvaa joho la njano hakumhakikishii mtu kwamba mlinzi wake wa lango ana macho.

Hatari za taamuli yenyewe zinatajwa kidogo mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mwaka 2017 mahojiano na wanataamuli wa Magharibi waliopatwa na hofu kali, kukosa usingizi au kupotewa na hisia ya kuwa wao ni wao, wengine kwa muda mrefu. Wabuddha wa kale walilijua hilo. Maandiko ya Kipali yanasimulia watawa waliofundishwa kuutafakari uchafu wa mwili, wakauchukia mwili kiasi kwamba baadhi walijiua. Buddha aliporudi kutoka kwenye upweke wake aliwafundisha njia nyingine, ya pumzi. Hadithi hiyo inasema wazi kwamba zoezi lisilomfaa mtu huua, na kwamba mwalimu ana wajibu wa kulibadilisha.

Je, muumini wa dini nyingine atumie?

Ubuddha si mgeni kabisa Afrika Mashariki. Jiji la Dar es Salaam lina hekalu lililoanzishwa na Wasinhala wakati wa ukoloni. Uganda ina kituo karibu na Entebbe kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepewa utawa mwaka 2002. Hata hivyo wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu au Wakristo, na swali lao si la kupuuzwa.

Jibu linategemea ni kipi kati ya vile vitatu kinachozungumziwa. Fundisho kamili la kale ni dini yenye imani zake, na kumwambia Mwislamu au Mkristo kwamba halina tofauti na yake ni kumkosea yeye na kuwakosea Wabuddha. Kuangalia pumzi na uchu kliniki ni jambo jingine, na wala hakuachi akili wazi. Kunaipa akili kazi. Dini hizi zina hazina zake pia. Mwanachuoni wa Kiislamu Al-Ghazali alitenga kitabu kizima katika mkusanyo wake wa Ihya kwa ajili ya muraqaba na muhasaba, yaani kujichunga na kujihesabu, kabla ya tendo, wakati wa tendo na baada yake. Evagrius, mtawa Mkristo aliyekufa mwaka 399 katika jangwa la Misri, aliyapanga mawazo mabaya katika makundi manane, akaeleza jinsi ya kuyatambua yanapobisha hodi. Mwenye shaka na vipassana anaweza kuanzia huko, na atakuta kazi ileile ya kulinda lango.

Kipi kwa nani

Kwa mtu anayerudiwa na sonona, au anayeishi na maumivu yasiyopona, tiba ya wiki nane chini ya mtaalamu ina ushahidi wa kutosha na haidai imani yoyote. Kutohukumu, ambako kwingine ni kasoro, kwake ni dawa. Mwenye historia ya saikosisi au kiwewe kizito asiingie kwenye ukimya wa siku 10 kabla ya kuzungumza na daktari wake, hata kama rafiki yake alitoka huko akiwa na uso unaong'aa.

Kwa anayetaka kuacha tabia, naona fundisho kongwe lina nguvu kuliko tawi lake jipya, na sababu haihusiani na utakatifu wala ukale. Lilijua kwamba kuona hakutoshi. Liliweka uangalifu kati ya uamuzi kwamba jambo hili ni baya kwangu na jitihada ya kuliacha, likaongeza marafiki wema, miiko ya kumweka mtu mbali na kishawishi, na njia tano badala ya moja. Mengi ya hayo yanaweza kutekelezwa na mtu asiyeamini kuzaliwa upya. Mafanikio ya tiba za uraibu yanaonekana kutokana na kuyarudisha: kikundi kinachokutana, lengo lililotamkwa, mafunzo yaliyoelekezwa kwenye uchu. Gharama ni muda na unyenyekevu wa kukubali kusahihishwa, vitu ambavyo programu ya simu haiwezi kuvitoa.

Kwa hiyo anayemuuzia mraibu wa kamari taamuli ya dakika tano amweleze wazi mambo matatu: kwamba inaweza kuupunguza uchu nguvu, kwamba ushahidi wa kuacha kabisa kwa njia hiyo peke yake haujapatikana, na kwamba atahitaji watu wa kukaa naye siku ya mshahara. Asiyesema hivyo anachukua fedha kutoka kwa mtu ambaye kamari imeshamnyang'anya nyingi, na anamfanya aamini kwamba akishindwa tena, kosa ni la akili yake.